Joy Adamson na mavazi tuliyoyapa kisogo

Mtaje Joy Adamson mbele ya Mkenya yeyote aliyepitia shule, naye atakutajia simba jike aitwaye Elsa. Si ajabu. Kitabu cha mwaka 1960 kuhusu simba huyo, Born Free, kilisomwa kote duniani, na filamu iliyotokana nacho ikafuata mwaka 1966. Hata hivyo, kabla hajamwona Elsa, mama huyu alikuwa amekwisha kuifanya kazi nyingine ambayo, kwa maoni yangu, yatuhusu zaidi kuliko ile ya simba.

Alizaliwa Januari 20, 1910, mjini Troppau, uliokuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria na ambao leo ni Opava katika Jamhuri ya Cheki. Jina alilopewa ni Friederike Victoria Gessner. Katika ujana wake mjini Vienna alijifunza piano, ushonaji wa mavazi na uchongaji, asitulie katika fani hata moja. Alifika Kenya mwaka 1937. Melini alikutana na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, akaachana na mumewe wa kwanza na kuolewa naye. Bally ndiye aliyembandika jina Joy na kumhimiza kuchora maua. Ndoa hiyo nayo haikudumu. Mwaka 1944 aliolewa na George Adamson, bwana nyama wa kaskazini mwa nchi.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuwachora watu wa jamii mbalimbali za Kenya wakiwa katika mavazi na mapambo yao ya asili. Alizunguka nchi miaka kadhaa, akachora wazee, wapiganaji, maharusi, waganga na vijana wa jando. Idadi ya picha ilipita 500, na nyingi zimehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa. Mwaka 1967 baadhi yake zilitoka katika kitabu, The Peoples of Kenya.

Hapa pana kinaya ambacho hatuna budi kukitazama. Utawala uliomlipa ayachore mavazi hayo ndio huo huo ambao, kwa shule, kodi na mishahara, ulikuwa ukiwavua watu ngozi na kuwavika kaki. Baadhi ya mavazi aliyoyachora yalikuwa tayari hayavaliwi kila siku. Mchoraji, basi, alikuwa kama karani wa mirathi. Lakini karani huyu alikuwa na jicho la mshonaji: rangi za shanga, upana wa ndewe na mshono wa ngozi, vyote aliviweka.

Asichoweza kukiweka ni majina. Si zamani sana niliandamana na wanafunzi wetu, wengi wao wenyeji wa Nakuru na Baringo, kwenda Nairobi kuzitazama picha hizo. Vijana hao wanajua mitindo ya Paris na Lagos kwa majina yake yote. Mbele ya picha moja ya mwanamke aliyejaa shanga hadi mabegani, hakuna aliyeweza kutaja pambo hata moja kwa lugha ya mamaye. Mmoja wao, mwenyeji wa Marigat, alimpigia simu nyanyake. Bibi yule aliuliza kwanza kama pana shaba iliyosokotwa mviringo, kwani pambo hilo, alieleza, lilimtambulisha mama ambaye mwanawe amekwisha kutahiriwa. Kisha akayataja mengine moja baada ya jingine, vijana wakiandika juu ya magoti.

Mwaka 2004 taifa lilitafuta vazi lake kwa mashindano, likapata mshono ambao umma haukuupokea. Ingefaa kuanzia kwenye picha hizi.

Joy aliishi Elsamere, kando ya Ziwa Naivasha, na akauawa Januari 3, 1980, katika hifadhi ya Shaba. Habari za kwanza zilidai ameraruliwa na simba; baadaye aliyekuwa mfanyakazi wake akapatikana na hatia ya mauaji hayo. Elsamere sasa ni makumbusho. Mabasi ya shule huenda huko, watoto wakatazama filamu ya Elsa na kurudi wakizungumzia simba.

Rai yangu ni kwamba nakala za picha za watu wa Bonde la Ufa zipelekwe Hyrax Hill, makumbusho yaliyo mlangoni mwa Nakuru, na akina nyanya kutoka Baringo, Keiyo na Narok waalikwe kuzitazama, karibu yao akiwapo mtu mwenye kalamu na kinasa sauti. Msichana aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1950 leo amepita 90.