Denis Burkitt: Tabibu wa jicho moja aliyeifuatilia saratani barabarani

Malori yanayovuka mpaka Busia au Malaba yakielekea Kampala hupita Jinja. Siku moja mwaka wa 1957, akiwa katika hospitali ya mji huo, daktari mpasuaji Denis Burkitt alichungulia dirishani akamwona msichana ameketi nyasini na mamaye, taya zake zimevimba. Wiki chache awali, katika Hospitali ya Mulago, mwenzake Hugh Trowell alikuwa amemwonyesha mvulana wa miaka mitano mwenye uvimbe kwenye pembe zote nne za taya. Mgonjwa mmoja angeweza kuwa ajabu tu. Wawili walikuwa maradhi.

Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka wa 1911, na akapoteza jicho la kulia akiwa na umri wa miaka 11. Kwa sababu hiyo ombi lake la kwanza la kuajiriwa na serikali ya kikoloni lilikataliwa. Baada ya vita alipokelewa, akapelekwa Lira mwaka wa 1946, kisha Kampala. Yaelekea wapasuaji wengi wangekata uvimbe ule na kwenda zao. Yeye alitaka kujua ulikuwa wapi na haukuwa wapi. Alituma hojaji na picha kwa hospitali nyingi za Afrika. Oktoba 1961, yeye pamoja na Ted Williams na Cliff Nelson wakashika njia kwa gari kuukuu la pauni 250, wakasafiri maili 10,000 kwa wiki kumi.

Ramani waliyoichora ilikuwa wazi. Saratani ile ilikaa katika nchi za chini zenye joto na mvua, mle mle mwenye malaria. Bonde la Ziwa Victoria, ambalo Busia imo ndani yake, lilikuwa katika ukanda huo. Nyanda za juu zenye baridi zilinusurika.

Mwaka huo huo wa 1961 alikuwa ametoa mhadhara London, na mtafiti Anthony Epstein akaomba vipande vya uvimbe huo. Desemba 1963 ndege iliyobeba kimoja wapo ilielekezwa Manchester kwa sababu ya ukungu, na seli zilizofika zikiwa zinaelea majini ndizo zilizoweza kukuzwa maabarani. Mwaka wa 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kirusi kipya ndani yake.

Kirusi hicho cha Epstein-Barr hukaa mwilini mwa karibu kila mtu, wengi wakikipata utotoni, na kinga ya mwili hukituliza. Malaria ya mara kwa mara huichosha kinga hiyo huku ikizichochea seli za damu zinazokibeba kirusi zizidi kugawanyika.

Ndiyo maana, VVU vilipozuka miaka ya 1980, saratani ya Burkitt ilionekana pia kwa watu wazima walioambukizwa, hata Ulaya na Marekani kusikokuwa na malaria. Saratani ya Kaposi, ambayo Uganda iliijua zamani kwa wazee wa kiume, ikawaingia vijana na wanawake. Virusi vingine husababisha saratani ya mlango wa kizazi, na Shirika la Afya Duniani linasema mwanamke mwenye VVU yumo katika hatari mara sita zaidi ya asiye navyo.

Kwa miji ya mpakani, ambako madereva hulala wakingoja kibali na biashara ya usiku haikosi wateja, jambo hili ni zito. Dawa za kupunguza makali ya VVU zikianzwa mapema huirudishia kinga nguvu, na Kaposi hupungua. Saratani ya mlango wa kizazi haiondoki kwa vidonge hivyo peke yake, na mwanamke anayevimeza kila siku bado huhitaji kupimwa. Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 mnamo Oktoba 2019. Dhidi ya kirusi cha Epstein-Barr hakuna chanjo hadi leo.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka wa 1966, akajulikana upya Uingereza kwa kuhimiza ulaji wa vyakula vyenye nyuzinyuzi, umaarufu ambao kwa wengi uliufunika ule wa kwanza. Alifariki Machi 23, 1993. Kirusi kinacholeta Kaposi kiligunduliwa mwaka uliofuata.