Andreas Stihl: Fundi aliyeupeleka msumeno kwenye mti

MKULIMA mwenye shamba la miti ya mbao anaijua vizuri hesabu hii. Mti ukiwa umesimama shambani una bei yake. Ukishaangushwa, na barabara ikiwa mbali, bei hiyo huanza kuliwa na wengine: wabebaji wanataka chao, mwenye trekta anataka chake, mwenye lori naye anasubiri. Gogo linapofika kiwandani, mwenye shamba amebakiwa na kidogo.

Hesabu hiyohiyo ndiyo iliyomsumbua mhandisi mmoja kijana nchini Ujerumani katika miaka ya 1920. Kazi yake ilimfikisha mara kwa mara kwenye viwanda vya kupasua mbao, na huko aliona jinsi magogo mazito yalivyosafirishwa kwa taabu ili tu yaufuate msumeno. Akajiuliza kwa nini msumeno, ulio mwepesi kuliko gogo, usisafiri wenyewe kuufuata mti.

Mhandisi huyo aliitwa Andreas Stihl. Jina lake la ukoo limeandikwa hadi leo ubavuni mwa misumeno ya mnyororo, ile ambayo wakataji wengi wa Afrika Mashariki huiita chenso. Wanaoishika ni wengi, lakini wanaojua kwamba jina lile ni la mtu ni wachache.

Kuzaliwa na masomo

Stihl alizaliwa Novemba 10, 1896 mjini Zürich, Uswisi. Sehemu ya utoto wake aliishi Ujerumani, na Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka aliingia jeshini kama vijana wengi wa rika lake. Baadaye alisomea uhandisi wa mitambo katika mji wa Eisenach.

Ujerumani aliyoanzia maisha ya kazi ilikuwa nchi iliyochoka. Vita ilikuwa imekwisha kwa kushindwa, na mwaka 1923 fedha ya nchi hiyo iliporomoka kiasi kwamba mshahara wa asubuhi ulipungua thamani kabla ya jioni. Katika hali hiyo Stihl alijaribu kwanza biashara ya ubia mjini Stuttgart. Ubia huo haukudumu.

Mwaka 1926, akiwa na umri wa miaka 29, alianzisha kampuni yake mwenyewe mjini humo. Hakuanza na misumeno peke yake. Alitengeneza vifaa vya tanuri za boila za mvuke, na pia mashine za kufulia nguo. Vifaa hivyo vya boila vilimpatia fedha ya kula na kulipa mafundi wakati wazo la msumeno likiendelea kupikwa. Mjasiriamali mwenye mtaji mdogo anaweza kuliona hapo jambo la maana: Stihl hakufunga duka linalomlisha ili akafuate duka ambalo bado liko kichwani.

Kilo 48 mikononi mwa watu wawili

Msumeno wake wa kwanza ulitoka mwaka huohuo wa 1926. Uliendeshwa kwa umeme, ulikuwa na uzito wa kilo 48, na ulihitaji watu wawili, mmoja upande wa mota na mwingine akishika mkono wa mbele ya bapa. Ulikuwa na kasi kuliko msumeno wa mkono, lakini ulikuwa na kasoro moja kubwa. Msituni hakuna umeme. Kwa hiyo ulifaa zaidi kukata magogo yaliyokwisha kufikishwa uwanjani, na ile safari ya gogo aliyokuwa akiikusudia Stihl ilikuwa bado palepale.

Hakuwa peke yake katika mbio hizo. Mwaka 1927 Mjerumani mwingine, Emil Lerp, alionyesha msumeno wa mnyororo wa petroli katika mlima Dolmar ulioko Thuringia, na mlima huo ukalipa jina kampuni yake. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba Stihl ndiye aliyebuni msumeno wa mnyororo, ingawa husemwa hivyo mara nyingi. Wapo waliofikiria mnyororo wenye meno kabla yake, na wapo waliokimbia naye bega kwa bega.

Stihl alijibu mwaka 1929 kwa mashine ya petroli aliyoiita mashine ya kuangushia miti. Ilikuwa na nguvu za farasi 6 na uzito wa kilo 46. Bado ilikuwa mzigo wa watu wawili, lakini sasa waya wa umeme ulikuwa umekatwa. Kwa mara ya kwanza msumeno wake uliweza kwenda mahali mti ulipoota.

Biashara ni matangazo, na matangazo ni miguu

Kutengeneza mashine ni jambo moja na kuiuza ni jingine. Wakataji wa miti wa wakati ule walikuwa na misumeno yao ya mkono na mashoka waliyoyazoea kwa miaka mingi. Mtu anayetaka kuwauzia chuma cha kilo 46, chenye kelele na moshi, kinachohitaji petroli na vipuri, alikuwa na kazi ya kuwashawishi.

Stihl hakukaa ofisini kungoja barua. Alichukua mashine na kwenda nayo msituni, akaiwasha mbele ya watu waliokuwa wataitumia, akawaachia waishike. Wakati wa onyesho mnyororo ukikatika, mteja anaona, na fundi naye anaona. Ndivyo alivyojifunza kipi kinavunjika, kipi kinawaka moto na kipi kinachosha mkono. Malalamiko ya wakataji yakawa orodha ya kazi za karakana.

Kutoka 1931 misumeno yake ilianza kuuzwa nje, katika Urusi ya Kisovieti na Amerika Kaskazini, nchi zenye misitu mikubwa. Hiyo ilikuwa miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi duniani, na soko la nyumbani peke yake lisingetosha. Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Jambo jingine aliloshikilia ni huduma baada ya mauzo. Msumeno ukiharibika msituni hauna thamani kuliko fimbo. Kampuni yake ilijenga mtindo wa kuuza kupitia mawakala wenye karakana na vipuri, watu wanaoweza kumfundisha mnunuzi na kumrekebishia mashine, na ikaendelea na mtindo huo hata baada ya yeye kufariki.

Miaka ya giza

Maisha ya Stihl yana sehemu ambayo haiwezi kurukwa. Mwaka 1933, Adolf Hitler alipotwaa madaraka, Stihl alijiunga na chama cha Nazi, na baadaye akaingia katika kikosi cha SS. Wafanyabiashara wengi wa Ujerumani walifuata njia ya wenye madaraka katika miaka hiyo. Wingi wao haufuti jambo lenyewe, na utawala ule uliua mamilioni ya watu.

Vita Kuu ya Pili ilikileta kisasi mlangoni kwake. Kiwanda chake cha Cannstatt, mjini Stuttgart, kiliharibiwa kwa mabomu, na shughuli zikahamia Neustadt karibu na Waiblingen, mahali alipokuwa amenunua kinu cha zamani kabla ya vita. Vita ilipokwisha mwaka 1945, majeshi yaliyoshinda yalimkamata na kumweka kizuizini. Aliachiwa mwaka 1948.

Alitoka akiwa na zaidi ya miaka 50. Nchi ilikuwa magofu, na kampuni ilipaswa kuanza karibu upya. Katika miaka hiyo ilitengeneza pia trekta ndogo kwa ajili ya wakulima. Kama ilivyokuwa kwa vifaa vya boila mwaka 1926, bidhaa ya pembeni ilisaidia kuishika nyumba wakati bidhaa kuu ikitafuta miguu yake.

Mtu mmoja, msumeno mmoja

Miguu hiyo ilipatikana mwaka 1950. Mwaka huo kampuni ilitoa msumeno wa petroli ambao mtu mmoja aliweza kuubeba na kuutumia. Ulikuwa na uzito wa kilo 16, yaani theluthi moja ya ule wa kwanza. Safari ya kutoka kilo 48 hadi kilo 16 ilikuwa imechukua miaka 24, ikipita katikati ya mdororo, vita na kizuizi.

Mabadiliko hayo yaliigusa hesabu ya kila siku ya mwenye kazi. Msumeno wa watu wawili unadai mishahara miwili, na mmoja akiugua kazi inasimama. Msumeno wa mtu mmoja unaweza kumilikiwa na mkataji mwenyewe, akahama nao kutoka shamba hadi shamba. Biashara ndogo ya msumeno wa kuhamahama ikawa jambo linalowezekana kwa mtu asiye na kiwanda.

Mwaka 1959 ulifuata msumeno ulioitwa Contra. Ulikuwa na nguvu za farasi 6, sawa na mashine ya mwaka 1929, lakini uzito wake ulikuwa kilo 12 badala ya 46. Contra ilifungua masoko mengi ya nje, na katika nchi nyingi ilisaidia kuuondoa msumeno wa mkono msituni.

Nguvu ilipotosheleza, kampuni iligeukia mwili wa mtumiaji. Wakataji walikuwa wakilalamika kwamba mtikisiko unawafanya vidole kufa ganzi. Katikati ya miaka ya 1960 ikaanza kutoa misumeno yenye vishikio vya kupunguza mtikisiko. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaongeza breki ya mnyororo, inayousimamisha mara msumeno unaporuka nyuma kumwelekea mshikaji.

Kufikia 1971 misumeno yenye jina lake ilikuwa ikiuzwa kuliko ya kampuni nyingine yoyote duniani. Stihl alifariki Januari 14, 1973 akiwa na umri wa miaka 76. Uongozi ulishikwa na mwanawe, Hans Peter Stihl, ambaye alikuwa amekwisha kufanya kazi ndani ya kampuni kwa miaka zaidi ya kumi. Mzee huyo hakungoja siku ya mazishi ndipo mrithi aanze kujifunza.

Somo kwa wapasua mbao wa leo

Wazo la kuupeleka msumeno kwenye mti limeenea mbali kuliko chenso. Katika mashamba ya miti ya Mufindi na Njombe, kwa mfano, mashine ndogo za kupasua mbao zinazohamishika, maarufu kama ding'dong, huvutwa hadi kwenye magogo, zikapasua, kisha zikahama. Kinachopanda kwenye lori ni mbao, na mabanzi na unga wa mbao hubaki palepale shambani. Hiyo ndiyo hesabu ya Stihl.

Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili. Chenso ilitengenezwa kwanza kwa kukata mti kwa upana. Ikitumiwa kupasua gogo kwa urefu, kila mpasuo hula takriban milimita 8 hadi 10 za mti. Mipasuo 10 ikila milimita 9 kila mmoja, ni milimita 90, sawa na mbao tatu na zaidi za unene wa inchi moja zilizogeuka unga. Msumeno wa bendi hula takriban milimita 2 hadi 3, hivyo mipasuo hiyohiyo hupoteza ubao mmoja tu au chini kidogo. Mwenye mashine anayelipwa kwa siku anaweza asilione hilo. Mwenye gogo ni lazima alione, na anapopatana bei ahesabu mbao zitakazotoka, asiangalie gharama ya mashine peke yake.

Anayelazimika kupasua kwa chenso anapunguza hasara kwa kutumia fremu inayoongoza bapa linyooke, na mnyororo ulionolewa kwa ajili ya kupasua, ambao meno yake hunolewa kwa pembe ya takriban nyuzi 10 badala ya 30 za mnyororo wa kukatia. Meno butu hula petroli, huchosha mashine na hutoa ubao wenye mawimbi ambao fundi seremala ataukataa au atautaka kwa bei ya chini.

Kwa upande wa kujitangaza, njia aliyoitumia Stihl haihitaji fedha nyingi. Mwenye mashine anaweza kupasua gogo moja mbele ya wakulima wa kijiji, mbao zikapangwa, zikapimwa na kuhesabiwa hadharani, kila mtu akaona gogo la ukubwa ule limetoa ngapi. Anayeahidi kurudi siku fulani arudi siku hiyo. Anayetembea na tupa, plagi ya akiba na mnyororo wa pili hatamwacha mteja na gogo lililopasuliwa nusu. Na kibali cha kuvuna na kusafirisha mbao kiwe mkononi kabla mashine haijawashwa, maana mbao zikikamatwa njiani hasara humrudia mkulima.

Stihl alianza na mashine nzito, isiyofaa msituni, wakati mshindani wake akiwa tayari na ya petroli. Kilichomvusha ni kwenda nayo kwa wanaoitumia, mwaka hadi mwaka, na kurudi karakana na orodha ya walichokataa.