Mtakatifu John Henry Newman: Jirani Yetu Aliyeitii Dhamiri



Tarehe 9 Oktoba Kanisa linamkumbuka Mtakatifu John Henry Newman. Wengi wetu tumelelewa na habari za Mashahidi wa Uganda na za Mwenye Heri Anuarite wa Isiro, na tulipofika Uingereza tulidhani watakatifu wetu tumewaacha nyumbani. Kumbe huyu alifanya kazi hapa Birmingham, akafia hapa na kuzikwa hapa. Mtaa alikofungua kanisa lake la kwanza mjini ni mwendo mfupi tu kutoka Saltley.

Tunaandika habari zake kwa sababu ya swali linalorudi kila mara katika jumuiya zetu: nitajuaje kwamba uamuzi wangu ni sawa mbele ya Mungu? Wapo wanaojibu kwamba ufuate moyo wako unavyopenda. Wapo wanaojibu kwamba ufanye ulivyoagizwa na wakubwa, na dhambi ikiwepo ni yao. Newman hakuridhika na jibu lolote kati ya hayo mawili, na maisha yake yanaonyesha sababu.

Alizaliwa London tarehe 21 Februari 1801, mtoto wa kwanza kati ya sita. Baba yake alikuwa na benki, na mwaka 1816 benki hiyo ikaanguka. Mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 15, kijana huyu aliugua, na katika majira hayo Mungu alimgusa. Tangu hapo hakuwahi tena kutilia shaka kwamba Mungu yupo na anamjua yeye binafsi. Baadaye alifundisha kwamba hata mtu asiye na kitabu ana mlango wa kumjua Mungu, nao ni dhamiri. Tukitenda vibaya pasipo kuonwa na mtu, bado tunaona aibu na hofu. Aibu hiyo ni mbele ya nani? Kwa Newman, hiyo ilikuwa dalili kwamba yupo anayetuona na kusema nasi.

Alisoma Oxford, akawa mwalimu katika Chuo cha Oriel, na mwaka 1825 akapewa upadre katika Kanisa Anglikana. Kuanzia 1828 alikuwa mchungaji wa kanisa la Mtakatifu Maria la chuo kikuu, na vijana walijaa kumsikiliza. Kuanzia 1833, yeye na wenzake waliongoza harakati za kulirudisha Kanisa la Uingereza kwenye imani ya mababa wa kale. Alikuwa na jina, marafiki na kazi aliyoipenda.

Hapa kuna jambo la kutufundisha. Katika miaka ile Newman alilipinga Kanisa la Roma kwa dhamiri njema kabisa. Tangu ujana wake alikuwa amesoma kwamba Papa ndiye Mpinga Kristo, akaamini hivyo. Dhamiri yake ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa imefundishwa vibaya. Ndiyo maana Kanisa linatufundisha mambo mawili pamoja: mtu hana budi kutii dhamiri yake iliyo na hakika, na tena ana wajibu wa kuifundisha dhamiri hiyo, kwa maana inaweza kukosea. Dhamiri ni kama saa ya ukutani. Unaitegemea, lakini usipoiangalia mara kwa mara itakuchelewesha nawe utadhani umewahi.

Mwaka 1839, akisoma historia ya Kanisa la karne ya 5, Newman alishtuka. Katika mabishano yale ya zamani kuhusu Kristo alijiona amesimama upande wa wale waliojitenga. Hakukimbilia kubadilika siku ileile. Alijua kwamba wazo la ghafla linaweza kuwa sauti ya Mungu, na linaweza pia kuwa hasira au uchovu. Alisoma, alisali, alifunga, aliwauliza watu aliowaamini. Mwaka 1843 alifuta hadharani maneno makali aliyokuwa ameandika dhidi ya Roma, akaacha parokia yake, akaishi maisha ya ukimya katika kijiji cha Littlemore.

Miaka sita ilipita tangu shaka ile ya kwanza. Kisha akawa na hakika, na baada ya hapo hakuchelewa. Usiku wa tarehe 8 Oktoba 1845 alifika Padre Dominic Barberi, Mwitaliano, amelowa mvua chapachapa. Alipokuwa angali anajikausha mbele ya moto, Newman alipiga magoti na kumwomba ampokee. Kesho yake, tarehe 9, akawa Mkatoliki.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Dada yake Harriett alivunja uhusiano naye, akafa mwaka 1852 wakiwa hawajapatana. Marafiki wengi walikaa mbali. Aliondoka Oxford mapema mwaka 1846 na hakukanyaga tena huko hadi 1878. Wale miongoni mwetu waliobadilisha njia na kuonekana wasaliti na ndugu zao wanajua uchungu huo hauponi kwa miezi miwili.

Baada ya kupewa upadre Roma mwaka 1847, alianzisha Oratory, yaani jumuiya ya mapadre wa Mtakatifu Filipo Neri. Mwaka 1849 walifungua kanisa katika jengo lililokuwa kiwanda cha pombe kali, Mtaa wa Alcester, upande wa Digbeth. Waumini wake walikuwa hasa Waireland maskini, wakati ambapo wengi walikuwa wakikimbia njaa kwao, pamoja na watoto waliofanya kazi viwandani. Msomi wa Oxford akawa padre wa wahamiaji. Miaka mingi baadaye alialikwa kwenda Roma kuhubiria watu wa tabaka la juu, akakataa. Watu wa Birmingham nao walikuwa na roho za kuchungwa.

Mwezi Septemba mwaka uleule wa 1849, kipindupindu kiliingia Bilston, na mapadre wa huko wakazidiwa. Newman alikuwa mkuu wa nyumba, angeweza kumtuma mwingine. Alikwenda mwenyewe, pamoja na mwenzake Ambrose St John. Walipofika ugonjwa ulikuwa umeanza kupungua, lakini wakati anafanya uamuzi hakuwa na hakika ya kurudi. Sisi tuliovaa barakoa na aproni za plastiki mwaka 2020 na kuingia wodini tunaelewa uamuzi wa namna hiyo. Hofu ipo, unakwenda nayo.

Hata ndani ya Kanisa Katoliki hakupata mteremko. Mwaka 1859 aliandika kwamba waamini walei nao ni mashahidi wa imani na inafaa kuwasikiliza, na kwa hilo alishtakiwa Roma. Kwa miaka mingi alitazamwa kwa mashaka: Waanglikana wengi walimwona amewakimbia, na baadhi ya Wakatoliki walimwona hajafika. Alinyamaza, akaendelea na kazi, hakulitukana Kanisa alilolipenda.

Mwaka 1874 Gladstone, aliyekuwa Waziri Mkuu, aliandika kwamba Mkatoliki hawezi kuwa raia mwaminifu, kwa kuwa amemkabidhi Papa akili na dhamiri yake. Newman alijibu mwaka 1875. Alieleza kwamba mamlaka ya Papa yenyewe inasimama juu ya dhamiri, kwa maana ni Mungu aliyeiweka ndani yetu. Lakini aliwaonya pia watu wa zamani zake waliotumia neno dhamiri wakiwa na maana ya haki ya kufanya wapendavyo. Dhamiri haituachi tufanye tunavyotaka. Mara nyingi inatudai tusichokitaka.

Tuyalete haya nyumbani. Wengi wetu tunafanya kazi usiku hospitalini na katika nyumba za kulea wazee. Saa kumi alfajiri fomu inasubiri sahihi: je, mgonjwa aligeuzwa saa nane ili asipate vidonda vya kulalia? Hakugeuzwa, maana tulikuwa wawili na wagonjwa ni wengi. Kujaza kwamba aligeuzwa ni rahisi, hakuna atakayeuliza. Kuandika ukweli na kuripoti uhaba wa watu kunatisha, hasa kwa mwenzetu ambaye viza yake inamtegemea mwajiri. Moyo unaopenda amani unasema, jaza. Mkubwa wa zamu huenda naye akasema, jaza. Dhamiri inamwangalia yule mzee kitandani ambaye hawezi kujisemea.

Newman angetuambia tuanze na ukweli, si na matokeo. Halafu tujue wajibu wetu vizuri, tuulize wenye hekima, tusali, tupime kama kinachotusukuma ni dhamiri au ni woga uliovaa nguo za busara. Tukishapata hakika, tusiahirishe. Na yule anayeogopa asiachwe peke yake. Jumuiya ipo kwa ajili ya kumsindikiza, hata kwa kuketi naye anapoandika barua yake.

Mwaka 1879 Papa Leo XIII alimfanya Newman kuwa kadinali, na mashaka yakaisha. Uzee haukumpumzisha. Mwaka 1889, akiwa na miaka 88, alisikia kwamba wasichana Wakatoliki katika kiwanda cha Cadbury, Bournville, walitakiwa kuhudhuria mafundisho ya Biblia ya kila siku yasiyokuwa ya imani yao. Alipanda gari la farasi siku ya theluji akaenda kuzungumza na wenye kiwanda. Hao walikuwa Quaker, watu wa Kanisa la Marafiki ambao ndugu zetu wa magharibi mwa Kenya wanawafahamu. Walimsikiliza, wakawapa wasichana wale chumba cha kusalia. Aliyeteseka kwa ajili ya dhamiri yake hakusahau dhamiri za wafanyakazi wadogo.

Alifariki katika Oratory ya Edgbaston tarehe 11 Agosti 1890, na maelfu ya watu wa mji huu, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, walisimama barabarani kumwaga. Kaburi lake la Rednal lilipofunguliwa mwaka 2008, mwili wote ulikuwa umerudi mavumbini. Papa Benedikto XVI alimtangaza mwenye heri hapahapa Birmingham, Cofton Park, mwaka 2010. Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu mwaka 2019, na Papa Leo XIV akamtangaza Mwalimu wa Kanisa mwaka 2025.

Mwenye nafasi afike Oratory ya Hagley Road, asali hapo. Na usiku huu, kabla ya kulala, kila mmoja wetu ajiulize ni jambo gani amekwisha kulijua kuwa ni sawa, na bado analiahirisha.

Mtakatifu John Henry Newman, utuombee.