Trautmann: Kipa aliyevunjika shingo akarudi kurusha mpira

Pita jioni kwenye kiwanja chochote cha vumbi, iwe Rudewa kule Kilosa au mtaa wowote wa mjini. Kipa akishadaka kona, anapiga hatua mbili tatu, anaubutua mpira juu kama anataka kuangusha ndege. Mashabiki wanashangilia kweli, ila mpira ukishuka mara nyingi unamkuta beki wa timu pinzani.

Miaka ya 1950 kulikuwa na kipa Manchester City ambaye hakutaka mchezo huo. Akidaka, anatupa jicho pembeni, anaurusha kwa mkono, na mpira unamfikia mwenzake mguuni. Jina lake Bert Trautmann. Ni jamaa huyohuyo ambaye miaka ya baadaye alikuja kufundisha soka hapa Tanzania.

Trautmann alizaliwa Bremen, Ujerumani, Oktoba 22, 1923. Utotoni hakuwa mtu wa soka peke yake. Alicheza pia handiboli, mchezo ambao usipojua kurusha huna kazi uwanjani. Mkono ule aliuanza huko, kabla hata hajafikiria kukaa langoni.

Kisha vita ikaja. Mwaka 1941 aliingia jeshini akiwa kijana mdogo tu, akawa askari wa miavuli na kupelekwa kupigana na Warusi. Alipewa nishani ya Msalaba wa Chuma. Mwaka 1945 Waingereza wakamkamata, akaishia kambi ya wafungwa wa vita ya Ashton-in-Makerfield, kaskazini mwa Uingereza.

Mle kambini wafungwa walikuwa na timu yao. Trautmann alikuwa mchezaji wa ndani. Siku moja akaumia katikati ya mechi, akabadilishana nafasi na kipa ili asitoke. Tangu siku hiyo hakutoka tena langoni.

Mwaka 1948 alipewa nafasi ya kurudi kwao, akakataa. Alifanya kazi shambani, akafanya kazi ya kuondoa mabomu yaliyobaki ardhini, na wikiendi akaidakia St Helens Town. Oktoba 1949, Manchester City wakamsajili.

MJI ULICHACHAMAA

Hapo ndipo moto ulipowaka. Vita ilikuwa imeisha miaka minne tu, watu wamezika watoto wao, halafu timu yao inamleta askari wa Ujerumani! Mashabiki waliandamana, barua za hasira zikamiminika, wengine wakatishia kurudisha tiketi zao za msimu. Manchester pia ulikuwa mji wenye Wayahudi wengi.

Aliyemwokoa ni mtu ambaye hakuna aliyemtarajia. Rabi Alexander Altmann, aliyekimbia Ujerumani kwa sababu ya Wanazi na ambaye wazazi wake waliuawa nao, aliandika barua ya wazi gazetini. Aliwataka watu wasimbebeshe kijana mmoja dhambi za taifa zima. Nahodha wa City, Eric Westwood, ambaye naye alikuwa amepigana vita hiyohiyo upande wa pili, akampokea chumbani.

Kazi iliyobaki akaimaliza mwenyewe langoni. Januari 1950 City walikwenda London kucheza na Fulham. Alianza kwa kuzomewa, na City wakafungwa 1-0. Lakini alidaka vitu ambavyo havidakiki, na filimbi ya mwisho ilipopulizwa uwanja mzima ulisimama kumpigia makofi. Wachezaji wa timu zote mbili wakapanga mistari miwili kumpisha apite katikati.

MKONO UNAANZISHA MASHAMBULIZI

Enzi hizo kazi ya kipa ilikuwa kudaka na kubutua, basi. Mwaka 1953 Hungary walikwenda Wembley wakaichapa Uingereza 6-3, na kipa wao Gyula Grosics alikuwa anaanzisha mashambulizi kwa kurusha. Trautmann aliona kitu anachokiweza. City nao wakabadilisha mfumo: straika Don Revie akawa anashuka chini kuchukua mipira, na kipa anawarushia viungo wa pembeni kama Ken Barnes. Kabla wapinzani hawajajipanga, mpira umeshavuka katikati.

Kurusha hivyo si nguvu ya mkono pekee. Nguvu inatoka miguuni, inapanda kiunoni, mgongoni na begani, halafu kiwiko ndicho kinaimalizia. Kichwa lazima kitulie na shingo igeuke kumtafuta wa kumpa. Kikiharibika kiungo kimoja kati ya hivyo, mrushaji amekwisha.

Mwaka 1956 Trautmann alichaguliwa Mwanasoka Bora wa Mwaka wa waandishi wa England. Alikuwa kipa wa kwanza kupata tuzo hiyo. Siku chache baadaye ikafika fainali ya Kombe la FA, Mei 5, City dhidi ya Birmingham.

DAKIKA 17 ZA MWISHO

City walikuwa wanaongoza 3-1, zimebaki kama dakika 17. Peter Murphy wa Birmingham akachomoka na mpira. Trautmann akamrukia miguuni, goti la Murphy likampiga shingoni. Akazimia.

Siku hizo hakukuwa na kubadilisha mchezaji. Kipa akitoka, mnabaki kumi na mchezaji wa ndani anavaa glovu. Trautmann akainuka, akashika shingo, akaendelea. Haoni vizuri, anapepesuka, lakini akamdakia Murphy tena. Mechi ikaisha 3-1. Alikwenda kuchukua medali shingo ikiwa imepinda.

Hospitali moja ya London ikamwambia ni mkazo tu, utapita. Siku chache baada ya fainali akapigwa picha ya eksirei huko Manchester, na hapo kila mtu akashtuka. Pingili tano za shingo zilikuwa zimeteguka, na ya pili ilikuwa imepasuka vipande viwili. Kilichomwokoa ni kwamba pingili ya tatu ilijibana kwenye ya pili ikaizuia isisogee. Ingesogea kidogo tu, angekufa palepale Wembley.

Madaktari walimtoboa fuvu, wakafunga vyuma vya kuivuta shingo ikae sawa, kisha wakamfunga plasta kubwa ya kichwa na kiwiliwili. Akiwa bado anauguza shingo, mtoto wake wa kiume wa miaka mitano akagongwa na gari na kufa. Ndoa yake haikuwahi kupona vizuri na baadaye ilivunjika.

KUPONA NI KITU KIMOJA

Alirudi kikosi cha kwanza Desemba 1956, miezi saba tu baada ya ajali. Mifupa ilikuwa imeshika, ila mwili ulikuwa bado unakumbuka. Alikosa kujiamini, makosa yakawa mengi, na watu wakaanza kumtaka aache. Msimu wa 1957-58 City walifunga mabao 104 na kufungwa 100.

Hilo ndilo jambo ambalo mashabiki huwa wanalisahau. Daktari anaunga mfupa au kano. Kazi ya mkono inarudi taratibu. Mwaka 1974 huko Los Angeles, daktari Frank Jobe alichukua kano kwenye mkono wa kulia wa mrushaji wa besiboli Tommy John, akaipandikiza kwenye kiwiko cha kushoto kilichokatika kano. Ilikuwa mara ya kwanza kwa upasuaji huo kufanyika kwa mrushaji wa kiwango hicho. John alikaa nje msimu wote wa 1975, ndipo akarudi na kurusha mpaka 1989. Alipewa muda ambao Trautmann hakuupata.

Trautmann hakuacha. Taratibu mikono ikarudi kwenye kazi yake, akadaka City mpaka 1964, jumla ya mechi 545. Mechi yake ya kuagwa ilijaza watu zaidi ya 47,000, katika mji uleule ulioandamana kumkataa. Timu ya taifa ya Ujerumani hakuichezea hata mara moja, maana kocha wake hakuwaita wachezaji wa nje.

Baadaye chama cha soka cha Ujerumani kilimtuma kufundisha katika nchi changa kisoka. Alianzia Burma, akaja Tanzania, kisha akaenda Liberia, Pakistan na Yemen. Mwaka 2004 Uingereza ikampa nishani ya OBE kwa kazi ya kuwapatanisha Waingereza na Wajerumani.

Alifariki Hispania, Julai 19, 2013, akiwa na miaka 89. Siku hizi kipa asiyejua kuanzisha mashambulizi hapati namba kwenye timu kubwa. Trautmann alikuwa anafanya hivyo kwa mkono miaka ya 1950, na aliendelea kufanya hivyo na shingo iliyoungwa.