Amédée Gordini, fundi aliyeipa injini ndogo nguvu bila turbo

KISANGANI – Katika magaraji ya Makiso, Mangobo na Kabondo, mafundi wamezoea swali moja kutoka kwa wenye magari: gari hili halina turbo, je, linaweza kuongezwa nguvu kidogo? Kuna mtu aliyetumia maisha yake yote kulijibu swali hilo. Ni Amédée Gordini, ambaye Wafaransa walimpa jina la utani la Mchawi.

Gordini alizaliwa tarehe 23 Juni 1899 huko Bazzano, karibu na mji wa Bologna nchini Italia. Alianza kazi ya ufundi angali mtoto. Katika miaka ya 1920 alihamia Paris, akafungua garaji na kujipatia riziki kwa kutengeneza magari ya watu, hasa Fiat.

Katika miaka ya 1930, kampuni ya Simca ilianza kuunda magari ya Fiat kwa kibali huko Ufaransa. Yalikuwa magari madogo ya familia. Gordini aliyafungua, akapunguza uzito, akasafisha njia za hewa na kuyapeleka mashindanoni. Mwaka 1939, Simca 8 aliyoiendesha yeye mwenyewe pamoja na mwenzake ilipata huko Le Mans tuzo inayopima mwendo wa gari kulingana na ukubwa wa injini yake.

Baada ya vita alianza kuunda magari yake mwenyewe katika karakana ya Boulevard Victor, Paris. Pesa hazikutosha hata siku moja. Magari yalitoka shindano hili na kwenda lile bila muda wa kutosha wa matengenezo, na mengi yaliharibikia njiani. Lakini mwezi Juni 1952, huko Reims, dereva Jean Behra aliyashinda magari ya Ferrari akiwa na Gordini ya silinda sita na lita mbili, isiyo na kifaa cha kusukuma hewa. Ufaransa nzima ilishangilia. Hata hivyo, ushindi haukulipa madeni, na mwaka 1957 timu ilifungwa.

Kufungwa huko ndiko kulikoleta ufundi wake kwa watu wa kawaida. Kampuni ya Renault ilimwita, na mwaka 1964 likatoka gari la Renault 8 Gordini. Gari la kawaida la aina hiyo, lenye injini ya sentimita za ujazo 1108, lilikuwa na nguvu za farasi karibu 50. La Gordini, kwa ukubwa ule ule wa injini, lilifikia 95 kwa kipimo cha wakati ule, na mwendo wa kilomita 170 kwa saa.

Aliwezaje? Injini ni kama mtu anayepanda mlima: nguvu yake inategemea pumzi. Turbo husukuma hewa ndani kwa nguvu. Pasipo turbo, injini huivuta yenyewe. Gordini aliacha sehemu ya chini ya injini karibu kama ilivyokuwa, akabadilisha kulasi, yaani kifuniko cha juu chenye valvu. Hewa ikaingia upande mmoja na moshi ukatokea upande wa pili bila kubanana. Aliweka kabureta mbili kubwa, akaongeza mkandamizo ndani ya silinda, na kuupa moshi njia nyepesi ya kutoka. Breki na sasta navyo viliimarishwa, kwa sababu gari linalokimbia zaidi lazima lisimame vizuri zaidi.

Magari hayo yalishinda mashindano ya Tour de Corse mwaka 1964, 1965 na 1966, na vijana wengi wa Ufaransa walijifunza mbio kwa kuyaendesha.

Kwa mwenye gari wa Kisangani, funzo liko katika mpangilio wa kazi. Kichujio cha hewa kilichojaa vumbi, plagi zilizochoka na bomba la moshi lililoziba hunyima injini nguvu ambayo tayari inayo. Hayo hurekebishwa kwanza. Kuongeza mkandamizo ni hatua ya mbali, nayo ina hatari: esanse hafifu inayouzwa kwenye chupa kando ya barabara inaweza kuwaka kabla ya wakati na kutoboa pistoni, hasa kwenye joto letu.

Gordini alifariki Paris tarehe 25 Mei 1979. Wiki chache baadaye, tarehe 1 Julai, Renault ilishinda kwa mara ya kwanza mashindano ya Formula 1, huko Dijon, ikiwa na injini ya turbo. Injini hiyo, kinyume na kazi ya maisha yake, ilikuwa imebeba jina lake.