Jackie Robinson na Msimu wa 1947

Wengi wetu hapa shuleni ni watu wa kandanda, na wengine wa mbio na kuruka. Mchezo wa besiboli hatuujui ila kwa kuusikia, au kwa kuuona katika filamu za Marekani. Hata hivyo yafaa msomaji apate habari za mtu mmoja aliyeucheza mchezo huo, kwa sababu katika mwaka wa 1947 kila alilolitenda uwanjani lilitazamwa na taifa zima, na wengi wa waliotazama walitamani ashindwe.

Jina lake kamili lilikuwa Jack Roosevelt Robinson, lakini watu walimwita Jackie. Alizaliwa tarehe 31 Januari, 1919, huko Cairo. Si Cairo ya Misri, bali mji mdogo wa jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Wazazi wake walikuwa maskini waliolima shamba la mtu mwingine na kugawana mavuno, naye alikuwa kitinda mimba wa watoto watano. Kabla hajajua kusema vizuri, baba yake alikwenda zake asirudi tena. Mama yake, Bibi Mallie, hakukaa akalia. Mwaka wa 1920 aliwapandisha wanawe wote katika gari la moshi, akasafiri nao mpaka Pasadena, katika jimbo la California, na huko akafanya kazi katika nyumba za watu hata akawalea wote watano.

Nyumba ile ilikuwa ya wanamichezo. Kaka yake, Mack, alikimbia mita 200 katika Michezo ya Olimpiki ya Berlin mwaka wa 1936, akatoka wa pili nyuma ya Jesse Owens. Jackie naye hakuchagua mchezo. Alipokuwa katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alikiwakilisha chuo katika michezo minne: kandanda ya Kimarekani, mpira wa kikapu, riadha na besiboli. Na katika hiyo minne, besiboli ndiyo aliyoiweza kidogo kuliko yote!

Mwaka wa 1942 aliitwa jeshini, na mwaka uliofuata akapata cheo cha luteni. Hapo likatokea jambo ambalo msomaji lazima alijue kabla hatujafika uwanjani. Mwezi wa Julai, 1944, katika kambi ya Camp Hood huko Texas, dereva wa basi alimwamuru aondoke kitini akakae nyuma, mahali pa watu weusi. Robinson akakataa. Akashtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na mwezi wa Agosti mahakama hiyo ikamwona hana hatia. Basi mtu huyu hakuwa mpole. Alikuwa mwepesi wa hasira akidharauliwa, wala hakuwa na desturi ya kumeza maneno. Hayo yakumbukwe.

Sasa tuseme kidogo juu ya mchezo wenyewe. Timu huwa na watu tisa uwanjani. Mtupaji hutupa kijimpira kigumu kwa nguvu zake zote, na mpigaji wa upande wa pili hujaribu kukipiga kwa gongo la mti. Akikipiga vizuri hukimbia kuzunguka vituo, na akirejea salama pale alipoanzia, timu yake hupata bao moja. Mara nyingine mkimbiaji husimama kituoni akimvizia mtupaji, na mara mtupaji anapoanza kuinua mkono, huchomoka mbio mpaka kituo cha mbele. Hilo huitwa kuiba kituo, nao ni wizi usiopeleka mtu jela. Msimu wa siku zile ulikuwa na michezo 154, tangu Aprili mpaka mwisho wa Septemba, karibu kila siku mchezo.

Katika ligi kuu za Marekani hakuwa ameonekana mtu mweusi tangu mwaka wa 1884. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa. Ilikuwa mapatano ya wenye timu, waliyoyatunza kimya kimya kwa muda wa miaka sitini na zaidi. Watu weusi walikuwa na ligi zao wenyewe, tena zenye wachezaji wa ajabu. Mmoja wao alikuwa Josh Gibson, mpigaji mwenye nguvu asiyesahaulika. Alifariki tarehe 20 Januari, 1947, akiwa na umri wa miaka 35, miezi mitatu tu kabla mlango haujafunguliwa.

Robinson alitoka katika ligi hizo. Mwaka wa 1945 alikuwa akiichezea timu ya Kansas City Monarchs, na tarehe 28 Agosti mwaka huo aliitwa Brooklyn, New York, na Bwana Branch Rickey, mkuu wa timu ya Brooklyn Dodgers. Mzee huyu alikuwa mtu wa dini na mtu wa biashara, na si rahisi kusema lipi lilitangulia. Alimjaribu Robinson kwa muda mrefu, akijifanya mara mchezaji mwenye chuki, mara mwenye hoteli anayemfukuza, akimtukana usoni. Alitaka kujua kama mtu huyu angeweza kutukanwa na kupigwa asirudishe. Robinson akakubali kufunga mdomo na mikono yake kwa miaka mitatu. Lakini wenye timu ya Monarchs, waliopokonywa mchezaji wao, Bwana Rickey hakuwalipa hata senti moja, na nadhani jambo hilo lisiachwe kila tunapomsifu.

Mwezi wa Februari, 1946, Robinson alimwoa Rachel Isum, waliyejuana naye chuoni, kisha wakaenda Montreal, Kanada, ambako alichezea timu ndogo ya Dodgers mwaka mzima. Aliwapita wote wa ligi ile kwa kupiga, na timu ikawa bingwa.

Ulipokaribia msimu wa 1947, baadhi ya wachezaji wa Dodgers wenyewe, wengi wao watu wa majimbo ya kusini, walitaka kupitisha karatasi itiwe sahihi kwamba hawataki kucheza na mtu mweusi. Meneja wao, Leo Durocher, aliwaamsha usiku akawakemea. Pee Wee Reese, aliyekuwa mtu wa kusini pia, kutoka Kentucky, alikataa kutia sahihi, na karatasi ile ikafa. Haukupita muda mrefu, na zikiwa zimebaki siku sita msimu kuanza, Durocher naye akafungiwa mwaka mzima kwa mambo yake mengine, hata timu ikaingia msimuni ikimtafuta meneja.

Tarehe 15 Aprili, 1947, katika uwanja wa Ebbets Field, Robinson aliingia akiwa na namba 42 mgongoni. Watazamaji walikuwa zaidi ya 26,000, na wengi wao watu weusi waliovaa kama waendao ibadani. Aliwekwa kulinda kituo cha kwanza, mahali asipopazoea. Siku hiyo hakufanikiwa hata pigo moja safi. Lakini katika kipindi cha saba aliugusa mpira kidogo tu kwa gongo akakimbia. Mpinzani akautupa kwa haraka ukampiga begani ukaenda mbali, naye akaendelea mpaka kituo cha pili, na mwenziwe alipopiga akarudi nyumbani na bao lililowatia mbele. Dodgers wakawashinda Boston Braves 5 kwa 3.

Wiki moja baadaye walikuja Philadelphia Phillies. Meneja wao, Ben Chapman, na wachezaji wake walimtukana Robinson tangu mwanzo wa mchezo, matusi ya rangi yasiyoandikika katika gazeti la shule. Baadaye Robinson aliandika katika kitabu cha maisha yake kuwa siku hiyo ndiyo iliyomkaribisha kabisa na kuvunja ahadi yake: kwenda upande wa pili, kumkamata mmoja na kumpiga ngumi, kisha kuuaga mchezo. Hakwenda. Alipiga, akakimbia, akaiba kituo, na bao lake likawa bao la pekee katika mchezo. Katika siku hizo tatu za Phillies, Eddie Stanky, mmoja wa wachezaji weupe wa Dodgers, akawageukia wale watukanaji akawaita waoga, kwa kuwa walimchagua mtu asiye na ruhusa ya kujibu.

Msomaji asidhani kwamba baada ya hapo njia ilinyoka. Ilimpata zamu ya kukosa mara 20 mfululizo bila pigo, na watu wakaanza kunong'ona. Barua za kutishia kumwua zilifika kwa posta. Timu ilipokwenda Philadelphia mwezi wa Mei, hoteli ilikataa kuwapokea kwa ajili yake. Mwezi huo huo gazeti moja la New York likaandika kwamba wachezaji wa St. Louis Cardinals walikuwa wakipanga kugoma wasicheze naye, na mkuu wa ligi, Ford Frick, akaonya kwamba atakayegoma atafungiwa. Hapakuwa na mgomo. Watupaji walimpiga kwa mpira mara tisa katika msimu ule, na mwezi wa Agosti Enos Slaughter wa St. Louis alimkanyaga mguuni kwa viatu vyake vya meno ya chuma. Kila mara aliinuka, akajikung'uta vumbi, akarudi mahali pake. Fikiri mtu yule wa basi la Texas, akifanya hivyo siku baada ya siku, miezi sita! Kama angalirusha ngumi moja tu, wale walioufunga mlango wangalipata sababu ya kuufunga tena, na waliokuwa wakingoja nyuma yake wangalingoja miaka mingine mingi.

Majibu yake aliyatoa kwa miguu. Aliiba vituo 29, kupita mtu yeyote wa ligi yake, na akaleta mabao 125. Kati ya mwezi wa Juni na Julai alipiga katika michezo 21 mfululizo bila kukosa. Wastani wake wa kupiga ulikuwa .297, yaani karibu mapigo matatu katika kila majaribio kumi. Mwanafunzi akipata tatu katika kumi huitwa ofisini, lakini katika besiboli hiyo ni alama ya mchezaji mzuri sana. Watu walimiminika kumwona, hata waliofika Ebbets Field mwaka ule wakapita 1,800,000. Tarehe 5 Julai timu ya Cleveland ikamchezesha Larry Doby, mtu mweusi wa kwanza katika ligi kuu ya pili, na mwezi wa Agosti Dodgers wenyewe wakamleta Dan Bankhead, mtupaji.

Tarehe 22 Septemba Dodgers wakawa mabingwa wa ligi yao, na msimu ukaisha wakiwa wameshinda michezo 94. Fainali walikutana na New York Yankees. Katika mchezo wa nne mtupaji wa Yankees, Bill Bevens, alikuwa hajaruhusu pigo hata moja safi, na amebakiza mtu mmoja tu amalize. Huyo mmoja alikuwa Cookie Lavagetto, na pigo lake moja likaingiza mabao mawili na kuwapa Dodgers ushindi. Uwanja ulikuwa kama umepagawa. Lakini tarehe 6 Oktoba, katika mchezo wa saba na wa mwisho, Yankees walishinda 5 kwa 2, na Brooklyn ikaenda kulala na huzuni. Robinson alipewa zawadi ya mchezaji mpya bora wa mwaka, iliyotolewa safari hiyo kwa mara ya kwanza.

Kifungo cha ulimi kilipomalizika mwaka wa 1949, alianza kubishana na marefa kama wachezaji wengine. Ajabu ni kwamba baadhi ya waliomsifu alipokuwa kimya sasa walimwona mtu mwenye kiburi. Mwaka huo huo alipiga .342 akachaguliwa mchezaji bora wa ligi. Dodgers waliwashinda Yankees hatimaye mwaka wa 1955, naye akastaafu mwanzoni mwa 1957. Zile ligi za weusi zilizomlea zilikosa watazamaji na kufifia. Furaha ya watu ilikuwa na gharama yake.

Kuna jambo la mwaka 1959 linalotuhusu sisi. Tom Mboya alipotafuta fedha za kuwapeleka wanafunzi wa Kenya kusoma Marekani, Robinson alitia sahihi ombi la michango pamoja na Harry Belafonte na Sidney Poitier, na mwezi wa Septemba ndege ikaondoka na wanafunzi 81.

Alifariki tarehe 24 Oktoba, 1972, akiwa na miaka 53, macho yake yamekaribia kupofuka kwa kisukari. Mwanawe mmoja alihamia Tanzania baadaye akalima kahawa huko Mbozi. Ebbets Field ilibomolewa mwaka wa 1960 zikajengwa nyumba za kupanga. Mwaka wa 1997 namba 42 iliondolewa katika timu zote za ligi kuu, asipewe mchezaji mpya tena. Lakini tangu 2009, kila tarehe 15 Aprili, wachezaji wote wa timu zote huivaa, na mgeni anayetaka kuwatambua wachezaji kwa namba zao siku hiyo hupata taabu.