George Macdonald, daktari aliyepigia hesabu maisha ya mbu

Msimu wa mpunga Kilombero ni msimu wa mbu pia, na pale Ifakara chandarua chenye dawa ni kitu cha kawaida kama jembe. Ila wachache wanamjua Mwingereza aliyeonyesha kwa hesabu kwa nini kumuua mbu mzima kunalipa hivyo: George Macdonald.

Alizaliwa mwaka 1903, akasomea udaktari Liverpool, akafanya kazi Sierra Leone na India. Baada ya Vita Kuu ya Pili aliongoza Taasisi ya Ross mjini London.

Ronald Ross, mwenye jina la taasisi hiyo, alikuwa ameshaonyesha kwamba mbu wakipungua vya kutosha, malaria inaisha. Macdonald akauliza jingine: mbu anaishi siku ngapi? Vimelea huhitaji kama siku 12 kukomaa mwilini mwa mbu. Akifa kabla ya hapo, hamwambukizi mtu.

Chukua mbu 100. Wakifa asilimia 10 kila siku, siku ya 12 wamebaki 28. Wakifa asilimia 20, wanabaki 7 tu! Yaani umeongeza vifo mara mbili, waliofika siku hiyo wamepungua mara nne.

Kwenye simu yako hiyo ni kazi ya sekunde. Mwaka 1952, Macdonald alipochapisha hesabu zake, kompyuta duniani zilikuwa za kuhesabika. Fomula yake ilidai logariti na desimali ndogondogo, na nukta ikikosewa nafasi moja tu, mbu 7 wanageuka 70. Utafiti wake uliotumia kompyuta ulitoka 1968. Yeye alikuwa amefariki Desemba 1967.

Mwaka 1955 WHO ilianza kampeni ya kutokomeza malaria kwa kupuliza DDT ukutani, lakini sehemu kubwa ya Afrika ya kitropiki iliachwa nje. Hesabu zilezile zilionyesha ugumu wake: kwenye mbu wengi wa kuishi muda mrefu, mgonjwa mmoja anaweza kuzalisha wengine zaidi ya 100.

Kitabu chake kikubwa kilitoka 1957, miaka hiyohiyo Mswisi Rudolf Geigy alipoanzisha maabara Ifakara, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Miaka 40 baadaye, vyandarua vya Zuia Mbu vilianza kuuzwa Kilombero na Ulanga. Watafiti walipofuatilia watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4, vyandarua vyenye dawa vilihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la uhai.